Jiwe la Guyo

Kabla ya kuingia korongoni, Halkano aliwaambia wageni wake, baba, mama na binti yao, kila mmoja aokote jiwe na kuliweka juu ya mwamba wa mlangoni. Ukitoka, unalitupa lako. Jiwe likibaki, watu wa mji wanajua kuna mtu bado yumo ndani.

"Na hili la nani?" binti aliuliza, akionyesha jiwe lililokuwa tayari juu ya mwamba. Lilikuwa limejaa vumbi.

"Lina mwenyewe," Halkano akajibu kwa mkato, akawatangulia.

Njia ilikuwa nyembamba hata wakaenda ubavu ubavu, kuta nyekundu zikiwabana kifua na mgongo. Baba alipiga picha. Halkano hakuitazama ile kona ambapo, miaka saba nyuma, maji ya mvua iliyonyesha mbali yalimzoa mdogo wake, Guyo. Mwili haukupatikana.

Wakati wa kutoka alibaki nyuma kuokota chupa walizozitupa. Alipofika mlangoni, mwamba ulikuwa mtupu.

"Tumekusaidia, kaka," mama alisema kwa furaha. "Tumeyatupa yote, hata lile la zamani. Hakuna aliyebaki ndani."

"Mimi nilimuuliza la nani," binti alisema. "Hakutaka kusema."

Mbele yao jangwa lilitapakaa mawe meusi, yote sawasawa, mpaka upeo wa macho.

"Asante, mama," Halkano alisema.

Gari lao lilipoondoka, aliinama akaokota jiwe, akaliweka juu ya mwamba, akalitazama. Akaliondoa. Akaokota jingine.