Aliyetoa Sauti Ajitaje

Goti langu liligonga chuma cha kitanda mara moja tu, ko, na gereza zima la zamani likasikia.

Mguu ulikuwa umekufa ganzi, nikaunyoosha. Bahati mbaya, Bi Noelene alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuuliza. Marehemu mumewe alikuwa askari jela humu miaka ishirini.

"Mzee wangu," alikuwa amesema gizani, "binti yetu ananiita nikaishi naye kule Perth. Kama umekubali niiuze nyumba uliyonijengea, gonga mara moja."

Sisi wawinda mizimu tuna kanuni moja, na mgeni huifundishwa kabla hata ya kupewa tochi: ukitoa sauti yoyote, jitaje papo hapo, la sivyo kesho kwenye kinasa sauti utasikika kama mzimu. Mimi usiku huo nilikuwa nimeshajitaja mara nne, zote kwa sababu ya tumbo.

"Nani huyo?" kiongozi wetu akauliza. "Ajitaje. Bwana Tumbo, ni wewe tena?"

Wenzangu wakacheka. Bi Noelene hakucheka. Alikuwa ameukamata mkono wangu kwa vidole vya baridi, pete yake ikinichimba.

"Umesikia, mwanangu?" akaninong'oneza. "Mara moja. Miaka mitatu nangoja anijibu."

Kijitaa chekundu cha kinasa sauti kilinikodolea jicho. Goti lilikuwa linapwita.

Nikakohoa.

"Hicho kikohozi ni changu," nikasema.