Pamba Masikioni

"Mtoe huyo jogoo kwenye karanga kabla sijamtoa roho!"

"Mguse uone! Ua huu umeununua wewe?"

Ilikuwa Jumapili, watu ndio kwanza wanatoka kanisani, na nusu ya mtaa wa Nateete ilishajaa kati ya nyumba mbili kusikiliza. Upande huu Lutaaya, fundi cherehani, kamkumbatia jogoo wake kama mtoto mwenye homa. Upande ule Ssalongo Kyobe, baba wa mapacha, mwenye mdomo wa kuweza kuwauzia watu mvua wakiwa wameshalowa. Katikati, mkeka wa karanga uliochakurwa wote. Nnaalongo, mke wa Ssalongo, alikuwa kapiga magoti hapo, anaokota karanga zake moja moja.

Jogoo aliitwa Diwani, kwa sababu kila asubuhi hupita ua kwa ua, hupiga kelele, hula vya watu, na hana alichowafanyia. Mguuni alivaa pete ya waya wa shaba. Lutaaya aliisokota mwenyewe, asije mtu akasema kuku ni wake.

"Nnaalongo! Bandika maji ya moto!" Ssalongo akapaza sauti.

Hapo Walusimbi, kinyozi, akaja na ubao wake wa mweso, bao la Kiganda, kichwani. "Acheni kelele, chezeni. Michezo mitano. Ssalongo akishinda, jogoo anaingia chunguni. Lutaaya akishinda, Diwani anatembea atakako mpaka azeeke."

Watu walicheka kabla hajamaliza. Lutaaya amshinde Ssalongo?

Miaka tisa nyuma, siku Lutaaya alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, Ssalongo alimfunga mweso mara nne mfululizo mbele ya ukoo mzima. Kwenye mweso mtu akisita, watazamaji wanahesabu: moja, mbili, na zamu yake imekwenda. Ssalongo alimkejeli, watu wakahesabu, na Lutaaya, jasho likimtoka, akawa anasema tu, "Ngoja kwanza, ngoja kwanza." Tangu siku ile mtaa mzima unamwita Ngoja-Kwanza. Hata mama mkwe.

"Nakubali," Lutaaya akasema. Akamweka Diwani chini nyuma yake, akaketi, akatoa mfukoni vipande viwili vya pamba, akaziba masikio.

Watu wakaguna. Lakini jambo hili alilifikiria miaka yote tisa, mguu ukikanyaga cherehani. Akili anayo, na kete anazijua kuliko Ssalongo. Kinachomwangusha ni maneno. Akitaniwa, damu inapanda, na kati ya mashimo thelathini na mawili anaona moja tu, lile la kumkomoa adui. Leo hasikii kitu. Walusimbi atamhesabia kwa vidole.

Ssalongo akaanza. Lutaaya aliona mdomo ukifunguka na kufumba kama wa samaki, akatabasamu. Mchezo wa kwanza akafungwa. Wa pili akashinda.

Kwenye wa tatu watu wakaanza kuangua vicheko, wote wakitazama nyuma yake. Ujanja huo! Hakugeuka. Nabwire, muuza mkaa, akamvuta shati na kumwonyesha kidole kule uani, midomo inamwenda mbio. Huyu naye ametumwa. Lutaaya akautikisa mkono wake kama anayefukuza nzi.

Nnaalongo akapita na beseni lililofunikwa. Akapita tena na majani ya mgomba. Wanajipikia karamu ya ushindi, Lutaaya akawaza, wanasherehekea kaburi langu nikiwa hai. Hasira ikaja, lakini mara hii ilikuja baridi, haikumziba macho. Akala kete kumi na mbili kwa mkono mmoja.

Kila mchezo ulipoisha Ssalongo alikuwa na la kufanya: mara akanywe maji, mara akaulizie kitu jikoni. Anaogopa, Lutaaya akajua. Anachelewesha aibu yake.

Jua lilikuwa limeshainama walipomaliza wa tano. Upande wa Ssalongo zilibaki kete moja moja, hazina pa kwenda.

Lutaaya akachomoa pamba. Kimya. Walusimbi anatazama viatu vyake. Mtu mmoja akakohoa.

Miaka tisa aliungoja ukimya huo. Akasimama. "Haya, semeni! Nani Ngoja-Kwanza sasa? Na Diwani wangu atatembea! Atakula karanga, atakula mtama, akitaka atalala kitandani kwako, Ssalongo, na wewe hutanyanyua hata kidole!"

Ua mzima ukalipuka. Nabwire alicheka hadi akajifunika uso. Lutaaya akacheka nao, jiwe la miaka tisa likimtoka kifuani.

Ssalongo akanyoosha mikono miwili. "Umenifunga, jirani, na watu wote wameona. Sina neno. Twende ndani tule, chakula kimeshapakuliwa."

Kula kwenye meza ya adui uliyemshinda, ndani ya nyumba yake, mkewe akikunawisha! Lutaaya angeweza kuipika ndoto, asingeipika tamu hivyo. Harufu ya nyama iliyoivia ndani ya jani la mgomba ilimpokea tangu kizingitini. Akavua viatu taratibu, ili kila mtu amwone akivivua.

Nnaalongo akapiga magoti mlangoni na birika la maji. Akamnawisha mkono wa kulia, akamnawisha wa kushoto. Kwenye kidole chake kidogo iling'aa pete ya waya wa shaba.

"Ingia, bwana, ingia," akamwambia kwa upole. "Firigisi tumekuwekea wewe."