Mashua Iliyopanda Mwamba

Picha ya Mzamil ilichanwa kabla ya matangazo ya mpira kumalizika. Lubna, aliyeibandika kwa mkono wake kwenye ukuta wa mabati wa mkahawa, ndiye aliyeichana.

Mkahawa ulikuwa wa Bi Kulthumu, mama yake Mzamil, ndani ya kambi ya wakimbizi wa Kibajuni nje kidogo ya Mombasa. Kila timu ya mwanawe iliposhuka uwanjani, kambi nzima ilihamia kwenye redio yake. Siku hiyo Mzamil alikuwa amefunga bao la ushindi, na mtangazaji alipomuuliza habari za kwao, alijibu bila kusitasita:

"Sisi Wabajuni bahari imeshatushinda. Hata yule mwenzetu aliyewaongoza wenye bunduki hadi Chula hakuwa baharia. Aliipandisha mashua mwambani, wakashuka wakajikokota majini kama bata."

Mkahawa ukalipuka kwa makelele. Hakuna asiyejua jinsi kisiwa cha Chula kilivyoporwa, wala jinsi Nassor, babake Mzamil, alivyouawa mlangoni pa nyumba yake. Lisilojulikana ni nani aliyewaonyesha njia wauaji. Risasi za kwanza ziliposikika kutoka baharini, watu walikimbilia vichakani; hakuna aliyeiona mashua ikiingia.

"Msiba wa babake anaufanyia mzaha," alisema Lubna.

"Huyo afunge mabao, na mdomo aufunge vilevile," alidakia Athman, aliyekuwa shabiki wake mkubwa kuliko wote. Watu wakacheka kicheko kichungu.

Wakamtaka Bi Kulthumu amkane mwanawe mbele yao, la sivyo hakuna atakayekanyaga tena mkahawani kwake. Na mkahawa huo ndio uliomlisha tangu alipofiwa.

Bi Kulthumu aliendelea kumimina kahawa. "Mwanangu amesema alilolisema," akajibu. "Kama ni uongo, nionyesheni uongo wake."

"Mama Mzamil, usitutie wazimu," alisema Athman. "Nani wa kukuonyesha, nasi sote tulikuwa vichakani?"

Kwenye benchi la pembeni alikuwa Ami Husseini, nahodha mkongwe ambaye kambi nzima ilimheshimu. Yeye hakuwamo hata vichakani. Siku ya msiba, kama alivyosimulia mara nyingi, alikuwa mbali, bandarini Burgao, akishona tanga. Tangu Mzamil aseme, hakuwa ameigusa kahawa yake. Sasa akakiweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mchu huyu, mtu wa kwetu, ametutukana bure," alisema. "Mwamba gani? Maji yalikuwa yamekupwa, miamba imetoa meno, na mashua ile ikapita katikati yake bila kukwaruzika ubavu. Ikatia nanga mbele ya msikiti. Aliyeshika usukani alikuwa nahodha wa kweli."

Lubna, mkononi bado ana vipande vya picha, alimgeukia polepole.

Bi Kulthumu akaizima redio.

"Maneno yale nilimfundisha mimi, Ami Husseini," alisema kwa upole. "Nilitaka kujua ni nahodha gani yatakayemchoma."

Athman akainuka, akaufunga mlango kwa ndani.