Nyumba Isiyotaka Huzuni

Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ya manyunyu. Sheria iliamuru kuta za kila nyumba zimfariji mkaaji wake: akihuzunika, ziongeze mwanga. Nyamizi, mchoraji, alitaka kumchora marehemu binti yake alivyomwona mara ya mwisho, na uso ule ulimjia gizani tu. Akajifungia stoo. Alipoanza kulia, ukuta wa stoo ulifunguka taratibu, ukawa dirisha.

"Mama Sada, mbona umemchora anacheka?" mumewe, Kasanda, aliuliza baadaye.

"Mkono umefuata mwanga."

"Sada wetu hakucheka siku ile."

"Kwani alikuwaje, Baba Sada?"

Kasanda alifumba macho kuutafuta uso ule, lakini katika mwanga ule haukumjia.

Kasanda alikwenda kuchemsha chai. Nyamizi aliosha brashi. Nyumba iliongeza mwanga.