Mdomo wa Jiko Uwe Kwangu

Notburga alimpokonya fundi penseli, akaukata kwa mstari mdomo wa jiko kwenye ramani, akauchora upya upande wa pili wa ukuta. Upande wake.

"Mama!" Gerlinde, mke wa mwanawe, aliinuka kitini. "Hapo tulishakubaliana!"

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa."

Nyumba mpya ingekuwa moja yenye milango miwili: upande mkubwa wa Vinzenz, Gerlinde na watoto, upande mdogo wa Notburga, mjane, mwenye kiwanja. Kwenye ukuta wa katikati lingekaa jiko la kuni la vigae, la kupasha vyumba joto, kama kila nyumba ya maana hapa milimani Tirol. Jiko la namna hiyo lina mdomo mmoja tu. Mwenye mdomo ndiye anayetia kuni. Wa upande wa pili anapata joto akipewa.

"Yaani tuwe tunakuomba moto?" Gerlinde alisema. "Januari, theluji mpaka dirishani, tukikosana kidogo tu unatugandisha!"

"Basi msinikosee."

Vinzenz alicheka. Mkewe akamtazama, akaacha.

"Mama, acha mimi niwashe," Vinzenz alisema. "Una miaka themanini. Wewe kaa tu, ota moto."

"Kuota moto ni kazi ya paka."

Gerlinde aliujua ukaidi huo. Msimu wa baridi uliopita, jirani yao mzee Korbinian alianguka jikoni kwake akiwa peke yake, asijulikane mpaka siku ya tatu. Gerlinde akamnunulia mama mkwe wake kitufe chekundu cha kuvaa shingoni: ukianguka unabonyeza, gari la wagonjwa linakuja. Notburga alisema anayevaa kengele shingoni ni ng'ombe. Kitufe akamvisha mbuzi. Jioni ile ile gari la wagonjwa likafika bandani, taa zinawaka.

Sasa Notburga alimgeukia fundi.

"Nikitia kuni alfajiri, saa ya kukamua, hawa wakikaa mezani kula asubuhi, vigae vya upande wao vitakuwa vimeshapata moto?"

Fundi alikuna kidevu. "Jiko hili zito, bibi. Joto linachelewa kutoka. Labda upande wao niujenge mwembamba. Ila hapo joto halitakaa mpaka kesho yake."

"Lisikae. Nataka liwahi kufika, na kabla ya asubuhi nyingine liwe limekwisha."

"Umemsikia, Vinzenz?" Gerlinde alipiga meza. "Anataka tuamke na baridi kila siku! Anapanga kabisa!"

"Na benchi liegemee vigae," Notburga aliendelea, "viwe mgongoni mwako, Gerlinde. Pale unapokunywa kahawa yako ya asubuhi."

"Kwa nini mgongoni mwangu mimi?"

"Kwa sababu huyu mume wako hata ukimwekea barafu mgongoni hashtuki. Wewe unashtuka. Basi. Bila hivyo sitii sahihi, na bila sahihi yangu hakuna kiwanja. Mkajenge juu ya mti."

Vinzenz aliinua mikono. "Fundi, mchoree anavyotaka."

Fundi alipewa penseli, akachora. Mdomo upande wa mama, vigae vyembamba upande wa kina Vinzenz, benchi nyuma ya meza. Gerlinde alibaki amesimama, macho yamemlowa kwa hasira.

"Haya, umeshinda. Na siku ukinuna? Siku nikiegemea hivyo vigae nikavikuta baridi, nifanye nini? Nije nikupigie magoti mlangoni?"

Notburga aliikagua ile ramani mara ya mwisho, akachukua tena penseli ya fundi, akatia sahihi, akamrudishia.

"Usipige magoti, wala usibishe hodi," alisema. "Siku hiyo vunja mlango."