Ndoo Isiyo na Punje

Tangu aape kwamba nyumbani kwake hakitupwi chakula, mwalimu hakutulia. Kila asubuhi alikagua ndoo ya taka, akaikuta haina hata punje, akachora alama kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Leo ishirini na tisa! Akatoka mbio, kisha akarudi kufuata miwani.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama jikoni, akila maharage ya juzi. Yalinuka hadi mlangoni.

“Mama! Si yamechacha hayo?”

Mama mkwe akaficha bakuli mgongoni.

“Tumbo langu limeshazoea, mwanangu. Ningekuharibiaje karatasi yako?”

Mwalimu akaanza kuzihesabu upya zile alama, akikumbuka kila jioni ambayo mama alisogeza sahani kando, akisema ameshiba.