Bi Pimbi Aombwa Kunyamaza

Tembo na Kiboko walimtimua Mamba bondeni kwa pamoja, kisha wakakosana hata kabla vidonda havijakauka. Tembo alitaka kila mnyama ajitafutie chakula chake na kujichagulia kiongozi. Kiboko alitaka wote wale chungu kimoja na kumtii mkubwa mmoja. Basi kila mmoja akarundika mawe juu ya genge lake la mwamba kando ya bonde, ayaporomoshe siku mwenzake atakapothubutu kumchokoza.

Katikati yao aliishi Bi Pimbi, kiumbe mdogo ambaye kelele zake za kuwaita wanawe jioni zilisikika bonde zima. Alasiri moja wakamjia wote wawili.

"Bi Pimbi, paza sauti hiyo uwaambie wanyama kwamba haki iko kwangu," alisema Tembo.

"Anakulaghai, dada. Nisifu mimi!" akadakia Kiboko.

Bi Pimbi aliona haya kuwakatalia wakubwa. Akavuta pumzi, akajaza kifua.

"Usithubutu!" wakanong'ona wote wawili, wakiyakumbuka ghafla mawe yao kule juu. "Mawe tuliyoongeza leo yamepita kiasi. Ukipiga kelele moja tu, yanatufukia sote!"

Bi Pimbi akainua macho, akatazama genge hili na lile. Mawe yalikuwa yameziba mbingu. Kumbe majitu haya yanaogopa pumzi yake!

"Lakini jamani," akasema polepole, "jioni lazima niwaite wanangu."

Tembo akalitazama jua. Kiboko naye akalitazama. Kisha majitu yale yakapanda magengeni yakinyata kama panya, yakaanza kuteremsha jiwe mojamoja, kila jitu likimchungulia mwenzake.

Jua lilikuwa limekwisha kugusa vilima.